Nani Anamlipia Kasa?

Kalenda ya kasa na kalenda ya mgeni hazilingani. Katika pwani ya Kenya kasa hutaga karibu mwaka mzima, lakini wengi hupanda ufukweni kati ya Machi na Julai, masika yanapomwagika na kusi ikaanza kuchafua bahari. Mgeni wa hoteli huja Lamu wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, kisha huonekana tena kidogo Agosti. Ifikapo Mei hoteli kadhaa za kijiji cha Shela hufunga milango, wafanyakazi wakarudi makwao na mafundi wakaanza kupaka chokaa upya. Kwa hiyo viota vinapojaa mchangani, na walinzi wanapohitajika kukesha ufukweni, ndipo sanduku la fedha linapokuwa jepesi kuliko wakati wowote. Anayetaka kuuelewa uhifadhi wa bahari unaoendeshwa na watu binafsi katika visiwa vya Lamu aanzie hapo, kabla hajasoma kipeperushi chochote chenye picha ya kitoto cha kasa.

Kasa wa pwani hii hajawahi kukosa bei. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unaojulikana kama Periplus, unayataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za pwani ya Azania, pamoja na pembe za ndovu na za vifaru. Gamba lililotafutwa lilikuwa la kasa aitwaye ng'amba, lenye mawimbi ya rangi ya asali na kahawia, ambalo likipashwa moto hukubali kupindwa likawa kitana au kisanduku. Kasa yule mkubwa anayekula nyasi bahari alitafutwa kwa nyama na mafuta. Wabajuni walikuwa na ufundi wao wa kumkamata: walimfunga chazo kamba mkiani, wakamwachia majini, naye akaenda kujibandika kwa kasa kwa ile sahani yake ya kichwani, mvuvi akavuta polepole mpaka mzigo ukafika ubavuni mwa mtumbwi. Mafuta ya kasa hadi leo yana sifa ya kutibu pumu, sifa ambayo haijawahi kuthibitishwa hospitalini. Nyama yake nayo huweza kuua. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula kasa, na miaka michache kabla ya hapo Pemba ilikuwa imezika watu wengine kwa sababu ileile. Watu wangali wanakula.

Kisha sheria zikaja kuifuta bei hiyo, kwenye karatasi. Mkataba wa kimataifa wa CITES ulifunga biashara ya magamba kuvuka mipaka. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, ilipopitishwa, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa kosa linalohusu mnyama aliye hatarini kutoweka. Adhabu kubwa kiasi hicho ina kasoro yake. Mvuvi wa Kizingitini anayemkuta kasa amekufia katika jarife lake hatamleta mtu amwone. Atamkatakata hukohuko baharini au atamzamisha, na hakuna atakayejua kwamba pale ndipo kasa wanapokufa. Sheria inajua kukataza. Haijui kumrudishia mvuvi muda alioupoteza akimfungua mnyama wa kilo 100 kutoka kwenye nyavu, wala uzi wa kushonea palipopasuka.

Serikali ilikuwa imekwisha kutenga eneo. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kiunga ilitangazwa mwaka 1979, na mwaka uliofuata UNESCO ikaiingiza katika orodha yake ya hifadhi za baiolojia. Ni mnyororo wa visiwa vidogo vya mawe ya matumbawe, wenye malisho ya nyasi bahari ambako nguva wachache waliosalia Kenya wameonekana. Wavuvi wa vijiji vilivyomo wanaruhusiwa kuendelea kuvua kwa njia za jadi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa walikuwapo kabla ya mipaka. Lakini hifadhi inataka mashua, mafuta na askari, na mapato ya kiingilio yanataka wageni. Kiunga iko karibu na mpaka wa Somalia. Hesabu yake haihitaji mhasibu.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na watu binafsi. Mwaka 1992, huko Shela, Carol Korschen, ambaye familia yake inamiliki hoteli ya Peponi iliyofunguliwa mwaka 1967, alianzisha kazi ambayo leo inajulikana kwa jina la Lamu Marine Conservation Trust, kwa kifupi LaMCoT. Mpango wake ni rahisi kuueleza. Anayeonyesha kiota hulipwa. Kiota hulindwa, na kikiwa mahali ambapo maji makuu yatakifikia, mayai huhamishiwa juu. Mvuvi anayemleta kasa aliyenaswa kwa bahati mbaya hulipwa pia. Kasa huvishwa kibandiko cha chuma chenye nambari kwenye pezi la mbele, kisha hurudishwa majini. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la WWF lilianza kazi ya aina hiyo upande wa Kiunga. Kusini zaidi, Watamu, shirika ambalo sasa linaitwa Local Ocean Conservation lilianza mwaka 1997, na kwa njia hiyo ya kushirikiana na wavuvi limekwisha kurudisha baharini zaidi ya kasa 20,000.

Sasa tuingie kwenye fedha yenyewe, kwa sababu ndipo wahifadhi wengi hupenda kupapita mbio.

Huko Watamu mvuvi amekuwa akipewa kati ya shilingi 300 na 1,000, kulingana na ukubwa wa kasa. Ni kidogo, na imekusudiwa kuwa kidogo. Ingekuwa nyingi, watu wangetega nyavu makusudi ili wamwokoe kasa waliyemkamata wenyewe, na kasa mmoja angeokolewa mara tano kwa mwezi. Ingekuwa sifuri, nyama na mafuta yangeuzwa usiku kwa bei inayoyazidi malipo hayo mara kadhaa. Kupanga kiwango hicho ni kama kupitisha jahazi katika mkondo wa Mkanda maji yakiwa yametoka: upana upo, lakini ni ule tu. Vibandiko vya chuma husaidia. Nambari ileile ikirudi tena na tena kutoka kwa nahodha yuleyule, mwenye daftari ataona. Lakini daftari ni la kuulizia maswali tu. Mradi unaogeuka polisi wa wavuvi wake mwenyewe umekwisha.

Wapo wanaosema malipo yoyote yanaharibu nia. Hoja yao ina ushahidi. Mwaka 2000 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti uliofanywa katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa. Katika baadhi ya vituo hivyo wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini, na waliochelewa wakaongezeka badala ya kupungua. Faini ilipoondolewa hawakurudi kwenye hali ya awali. Kilichokuwa aibu kilikuwa kimegeuka huduma inayonunuliwa. Je, mvuvi wa Lamu aliyekuwa akimfungua kasa kwa huruma, akishalipwa leo, kesho malipo yasipokuwapo atamfungua?

Ni swali la haki, ila huulizwa upande mmoja. Hatusikii likiulizwa kuhusu mtaalamu wa mradi anayelipwa mshahara kila mwezi kwa kumpenda kasa huyohuyo. Mwanasayansi ana mkataba na bima; mwenye mashua anatarajiwa kuwa na moyo. Nikilazimika kuchagua kati ya hatari ya kuharibu nia ya mvuvi na hatari ya kumfanyisha kazi bure, sitafikiri sana.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha kwamba nia na fedha si lazima zigombane. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Misali upande wa magharibi wa Pemba, wahifadhi waliokuwa wameshindwa kuzuia uvuvi wa baruti kwa kanuni za serikali waliwageukia masheikh na walimu wa madrasa. Mafunzo yakajengwa juu ya yale ambayo wavuvi walikuwa wakiyajua tangu utotoni: kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi, kwamba viumbe ni amana, na kwamba israfu ni dhambi. Wavuvi waliokuwa wakiwakwepa askari walisikiliza. Lakini hata Misali ilihitaji doria, na doria ilihitaji viingilio vya wageni. Imani ilimfanya mtu akubali kanuni, ila haikumjazia mafuta ya injini. Katika Lamu, mji wa misikiti na Maulidi, ningetarajia njia hiyo ingetumika zaidi kuliko ilivyotumika. Miradi mingi bado huzungumza na wavuvi kwa lugha ya semina.

Turudi kwenye sanduku la fedha. Tarehe 11 Septemba 2011 watu wenye silaha waliivamia hoteli ya Kiwayu Safari Village, wakamuua Mwingereza David Tebbutt na kumteka mkewe, Judith. Tarehe 1 Oktoba wakamteka Marie Dedieu, Mfaransa mwenye ulemavu, nyumbani kwake katika kisiwa cha Manda. Alifia mikononi mwao. Nchi za Ulaya zikawaonya raia wao wasiende Lamu. Juni 2014 ukaja unyama wa Mpeketoni na vijiji vya jirani, uliochukua maisha ya watu zaidi ya 60, na baada yake amri ya kutotoka nje usiku. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay na kuua Wamarekani watatu. Machi ya mwaka huohuo, korona. Katika miaka tisa utalii wa Lamu ulianguka mara nne, na kila ulipoanguka uliondoka na fedha za bahari.

Tazama nani hubeba mzigo pale fedha zinapokatika. Mfadhili wa London hupunguza mchango wake, akalala. Mwenye hoteli hula hasara, na wengine walifunga kabisa. Lakini kasa hajui kwamba mgeni hakuja, anapanda vilevile. Mlinzi wa kiota anabaki na mambo mawili ya kuchagua: kulinda bila malipo au kuacha. Na kwa miaka kadhaa wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, kwa hiyo nyumba ambayo mwaka juzi ilikuwa na mlo wa bahari na malipo ya kiota ilijikuta haina hili wala lile. Mayai 100 yaliyo chini ya mchanga, katika kijiji chenye njaa, ni mtihani ambao wengi wetu tunaoandika vitabu hatujawahi kufanyishwa.

Hapo ndipo linapojitokeza tatizo la kimaadili lililo kubwa kuliko kiwango cha malipo. Kasa huchukua miaka 20, pengine 30 au zaidi, mpaka akomae. Kitoto kilichotoka kiotani mwaka ambao kazi ya Shela ilianza, ikiwa kiliponea (na wengi hukadiria kwamba ni kimoja tu katika 1,000 kinachoponea), huenda ndiyo kwanza kimeanza kurudi kutaga. Anayeanzisha mradi wa kasa anatoa ahadi ya miaka 30. Anaitoa akiwa na msimu wa wageni wa miezi michache na ruzuku ya miaka miwili. Ahadi ni deni, na hili ni deni ambalo mdai wake mkuu ni maskini kuliko mdaiwa.

Ukata huzaa vishawishi. Kishawishi cha kwanza ni onyesho. Wageni hulipa vizuri kuviona vitoto vya kasa vikikimbilia majini, na wengi hutaka kuviona jioni, saa ya kupiga picha, si usiku wa manane ambapo kasa wamepanga kutoka. Hivyo katika fukwe mbalimbali duniani vitoto huwekwa ndooni kungoja watalii. Kwa jicho la mgeni hakuna ubaya. Lakini kitoto hutoka na akiba ndogo ya kiini cha yai na kani ya kuogelea mfululizo karibu siku nzima, ikivushe haraka eneo la miamba lenye samaki wengi. Saa kinazozipapasa kuta za ndoo zinatolewa kwenye akiba hiyo. Kinapoachiwa, picha ni nzuri na mnyama amekwisha kuchoka. Kupatana na kasa kunamtaka mgeni akeshe, azime tochi, na akubali kwamba huenda asione kitu. Hoteli yenye ujasiri wa kumwambia mteja hivyo ndiyo ninayoiamini.

Kishawishi cha pili ni dimbwi. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wanakijiji walianzisha mwaka 1993 mradi wa Mnarani wa kuwaweka kasa walionaswa katika dimbwi la asili la maji ya bahari, kwa kiingilio, kisha kuwarudisha baharini. Wazo lilikuwa la kuheshimika na lilikuwa la wenyeji wenyewe. Lakini dimbwi lolote lenye kiingilio lina hesabu yake ya ndani: kasa aliyeachiwa haingizi senti. Kadiri kijiji kinavyoitegemea fedha hiyo ndivyo siku ya kumwachia inavyoweza kusogezwa. Lamu haikufuata njia hiyo, na ni heri.

Kishawishi cha tatu ni kipya na hakina sura ya ubaya kabisa: kuuza bidhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Julie Church, mwanabiolojia wa bahari aliyekuwa akifanya kazi katika mradi wa Kiunga, aliona watoto wa huko wakichonga vinyago vya kuchezea kutoka kwa kandambili zilizotupwa na bahari. Kandambili hizo hutoka mbali, zikiletwa na mikondo na pepo, na hufunika fukwe ambazo kasa hutaga. Akina mama wakazikusanya, wakazichonga, wakauza. Kutokana na wazo hilo ilikuja kuzaliwa kampuni ya Ocean Sole, ambayo twiga na kasa wake wa rangi mbalimbali sasa huuzwa duniani. Mwaka 2018, hukohuko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa. Mwanzoni mwa 2019 likatweka hadi Zanzibar. Hizi ni kazi za kupigiwa mfano. Lakini karakana ya Ocean Sole iko Nairobi, karibu na wanunuzi, na Kiunga imebaki kuwa hadithi ya asili inayoandikwa kwenye kijikaratasi cha bidhaa. Sisemi ni dhuluma. Biashara huhamia kwenye soko. Nasema wazo lililozaliwa kijijini linastahili kukilipa kijiji kitu hata baada ya kuhama, na sijaona mkataba wa kawaida wa uhifadhi unaofikiria jambo hilo.

Wakati wa kutafuta mfano wa mradi binafsi uliofanikiwa, kila mtu hukinyooshea kidole kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, na inafaa twende huko kidogo. Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Tanzania, alianza mwaka 1991. Serikali ya Zanzibar iliifunga miamba ya magharibi ya kisiwa mwaka 1994, na wageni wakaanza kupokewa mwaka 1998 katika vibanda 7 tu vinavyovuna maji ya mvua na umeme wa jua. Ujenzi uligharimu karibu dola milioni 1.2, sehemu kubwa ikiwa ya mwekezaji mwenyewe, na ucheleweshaji wa vibali uliongeza gharama mno. Wavuvi wa vijiji vya jirani waliajiriwa kuwa walinzi, wasio na bunduki, ambao kazi yao kuu ilikuwa kuzungumza na wavuvi wenzao. Faida ya hoteli haigawiwi. Huenda kwenye hifadhi na safari za bure za wanafunzi wa shule.

Chumbe inafundisha mengi, ila haihamishiki Lamu kwa mkupuo. Chumbe haikuwa na kijiji. Kisiwa cha Pate kina Faza, Siyu, Kizingitini, Mtangawanda na maelfu ya watu wenye makaburi ya babu zao pale. Chumbe ilifunga mwamba mdogo. Ukifunga mwamba Kizingitini umefunga jiko la mtu. Kinachohamishika ni kimoja: huyo mwekezaji alitangaza tangu mwanzo kwamba fedha zitakwenda wapi, akaweka kikomo cha vitanda, na kikomo hicho hakikunyooshwa mahitaji yalipopanda. Katika Shela, ambako nyumba za kifahari zimekuwa zikisogea kuelekea matuta ya mchanga yanayohifadhi maji ya kunywa ya kisiwa, na ambako taa ya veranda moja inatosha kumrudisha kasa baharini bila kutaga, kikomo cha namna hiyo kingekuwa na thamani kubwa kuliko harambee kumi.

Kwenye Pate njia iliyojaribiwa ni nyingine: hifadhi ya jamii, Pate Marine Community Conservancy, chini ya mwavuli wa Northern Rangelands Trust (NRT) na kwa msaada wa The Nature Conservancy. Moja ya kazi zake ni kufunga kwa miezi kadhaa baadhi ya maeneo ya pweza, kisha kuyafungua, njia iliyoanzia Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Pweza hukua upesi sana, kwa hiyo mvuvi anaona malipo ya subira yake kabla subira haijaisha. Nampenda pweza kwa sababu hiyo. Anarudisha mkopo ndani ya msimu, wakati kasa anakopa miaka 30. Mradi wenye akili huanza na pweza ili upate imani ya kumtunza kasa.

Ila mwavuli nao una mashaka yake. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili zilizohusiana na NRT, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila ushirikishwaji wa kutosha wa wenyeji. Hukumu ilihusu nchi kavu ya kaskazini, haikuigusa Pate. Lakini mzee wa Siyu anayesikiliza redio ana haki ya kuuliza: sisi je, tuliitwa mkutanoni kuamua, au tuliitwa kuarifiwa? Mwezi huohuo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na USAID, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa NRT kwa miaka mingi, ikaanza kuvunjwa. Maamuzi mawili, moja la haki na jingine la fedha, yalitolewa mbali na bahari na kuufikia ufukwe uleule.

Halafu kuna bandari ya Lamu. Mradi wa LAPSSET, ulioizaa bandari hiyo, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na katikati yake uchimbaji wa kina cha bahari ulitia tope kwenye matumbawe na nyasi bahari zilizokuwa maeneo ya uvuvi ya vizazi. Wavuvi walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaagiza walipwe shilingi bilioni 1.76, fidia kwa wavuvi takriban 4,600. Ikilinganishwa na bajeti za miradi ya kasa, hiyo ni bahari na kisima. Na hapo linazuka swali ambalo mashirika madogo hayapendi kulijibu hadharani: fedha za aliyechafua zikija kwa jina la uhifadhi, zipokelewe? Jibu langu ni kwamba fidia ni haki ya mvuvi na ilipwe kwake. Lakini shirika la uhifadhi linalopokea mchango kutoka kwa mjenzi wa mradi linaoupinga, au linaopaswa kuupinga, limeuza ulimi wake. Bora kuwa na walinzi wachache na mdomo mzima.

Fedha nyingine zinazobisha hodi ni za hewa ya kaboni. Kaboni hiyo huhifadhiwa na mikoko, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya hekta 117 tangu 2013, na mapato yamejenga madarasa na kuleta maji. Hekta 117 ziliamuliwa na kijiji kinachojuana. Mikoko ya Lamu ni makumi ya maelfu ya hekta, na wakataji wake wa boriti bado wanakumbuka Februari 2018, serikali ilipozuia ukataji wa miti nchini na riziki yao ikasimama ghafla bila mbadala. Mabadiliko ya Sheria ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanaitaka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Mkataba wowote wa mikoko ya Lamu ambao mkataji boriti wa Matondoni hawezi kuusoma kwa lugha yake ni wa kukataliwa, hata kama asilimia zake ni tamu.

Baada ya haya yote, sioni kwamba uhifadhi binafsi Lamu ni unafiki wa matajiri, kama inavyosemwa barazani, wala kwamba ni sadaka safi, kama inavyosemwa kwenye karamu za kuchangisha. Bila hoteli moja ya Shela, kwa miaka mingi hakuna ambaye angelipia kiota hata kimoja katika ufukwe ule. Hilo ni deni letu kwao. Lakini mpangilio wa malipo umekaa kichwa chini: kodi ya ofisi, safari na ripoti hulipwa kwanza kwa sababu mfadhili huziona, na mlinzi wa kiota hulipwa kwa kilichobaki. Ugeuzwe. Malipo ya mvuvi na ya mlinzi yawe mshahara, mstari wa kwanza katika daftari, na fedha ya masika itengwe wakati wa kaskazi kabla ya senti nyingine kutumika. Mradi usiokuwa na akiba ya kulipa msimu mmoja mzima bila mgeni hata mmoja usiongeze viota, upunguze ahadi. Na hesabu zake zibandikwe kwa Kiswahili pale ofisi ya wavuvi ilipo, ambapo hata nahodha mwenye shaka anaweza kuzipinga kwa sauti.

Nawe msomaji, ukifika Shela ukaonyeshwa kigingi cha kiota mchangani, usiulize vitoto vitatoka lini. Muulize aliyekupeleka ni nani anakilinda usiku, na mara ya mwisho alilipwa mwezi gani. Ukijibiwa bila kigugumizi, changia.